Toka, Upumzike

Nyama ya mbuzi hainisumbui, wala ya ng'ombe. Naweza kukaa soko la nyama la Burma, hapa Nairobi, mchana kutwa katikati ya moshi na makelele ya visu, nikala nikashiba. Mafuta ya kondoo ndiyo siyawezi. Juzi Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya bucha moja nikisubiri kupimiwa kilo yangu, na nyuma ya kaunta kijana alikuwa akiyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo kwenye sufuria iliyoungua nje na ndani. Harufu ilinijia usoni, nikatoka kwenye foleni. Mwenye bucha akaniita, "Mathe, mbona unaenda na zamu yako imefika?" Nikamwambia narudi sasa hivi. Sikurudi. Usiku huo watu wangu walikula maharagwe na hakuna aliyethubutu kuuliza nyama iko wapi.

Mafuta hayo tulikuwa tukipaka miguuni, mimi na Nekesa. Mwalimu wetu wa michezo ndiye aliyetuambia yanalainisha misuli kabla ya mbio, na sisi tulimwamini kwa kila kitu. Tulikuwa tukipita Burma tukitoka shule, tunaomba vipande vilivyokatwa na kutupwa pembeni, Mama Nekesa anatuyeyushia, tunaweka kwenye kikopo. Asubuhi yakishaganda yalikuwa meupe na magumu, unayakwangua kwa kidole. Tulinuka kondoo darasani mpaka wasichana wengine wakakataa kukaa nasi dawati moja. Hatukujali. Tulikaa sisi wawili.

Nyinyi mliokulia Makongeni mnazijua zile nyumba za reli, mlango ukiangalia mlango, mfereji mmoja wa maji kwa watu wa mstari mzima. Baba yake Nekesa alikuwa mtu wa reli kutoka Bungoma, kwa hiyo nyumba ilikuwa yao kwa haki. Baba yangu alikuwa dereva wa lori kutoka Machakos, na chumba chetu tulikipanga kwa mfanyakazi mwingine wa reli, yaani tulikuwa wapangaji wa mpangaji. Watoto walilijua hilo na ukiwaudhi walikukumbusha. Nekesa hakunikumbusha hata siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mbele nitamsema vibaya, na sitaki mtu aseme nimesahau mazuri yake.

Asubuhi alikuwa akigonga dirisha letu kwa ukucha.

"Niaje, umeamka ama bado unaota?"

"Nishavaa raba. Wewe ndiye umechelewa."

"Manze, leo kuna baridi!"

"Kimbia itaisha."

Tulikimbia kufuata reli wakati akina mama wa mandazi wanawasha jiko, tukavuka hadi uwanja wa vumbi ambao mvua ikinyesha uligeuka uji. Tulikuwa na sheria yetu moja tu: mmoja akishikwa na kichomi, mwingine anapunguza mwendo. Hatukuachana. Mimi nilikuwa mwepesi wa kuanza. Nekesa alikuwa mzito asubuhi, anakohoa, analalamika, halafu mwishoni anafunguka ghafla na kunipita huku akicheka. Baba yangu, aliyeona kila kitu kwa macho ya dereva, alimwita Dizeli. "Huyo mpaka apate joto," alikuwa akisema, na Nekesa alilipenda jina hilo kuliko lake.

Mwalimu wa michezo alikuwa na mtindo wake, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu bila kuujua mtindo huo mtaniona mjinga zaidi ya nilivyokuwa. Mazoezi yake hayakuwa na mwisho unaojulikana. Tulizunguka uwanja naye akiwa amesimama katikati na filimbi shingoni, na yule aliyemridhisha aliitwa kwa jina. "Fulani, toka, upumzike." Waliobaki waliendelea kuzunguka mpaka nao wamridhishe, au mpaka mmoja atapike. Kwa hiyo kwetu sisi kutolewa uwanjani ilikuwa sifa. Ukikaa kwenye nyasi ukinywa maji huku wengine wanahema, ulijua wewe ni mtu. Na mimi, kwa kuwa nilianza kwa kasi na kukaa mbele, karibu kila siku nilikuwa wa kwanza kuitwa. "Mwende, toka, upumzike. Wengine, bado!" Niliyasikia maneno hayo hata nikiosha vyombo. Wakati mwingine niliyasema mwenyewe, nikiiga sauti yake, halafu naketi kwenye ndoo.

Nekesa alikuwa wa mwisho kutolewa. Alizungushwa na kuzungushwa. Nilimhurumia sana, na nilidhani mwalimu anamwadhibu kwa uzito wake wa asubuhi. Sasa mimi ni mtu mzima na nimeona watu wakifundishwa kazi, najua kwamba anayezungushwa ndiye anayetengenezwa. Lakini nani angemwambia mtoto hivyo?

Kisha zikaja habari za shule. Ilikuwa shule ya bweni, mbali, kule juu kwenye baridi na misitu, na ilikuwa ikichukua wasichana wenye mbio na kuwasomesha bure hadi kidato cha nne. Watu wake wangekuja kwenye uwanja wetu Jumamosi, wasichana wa mitaa yote ya Eastlands wakimbie raundi nne, wao wachague. Siwezi kuwaeleza jinsi habari hiyo ilivyotuingia. Dada yangu mkubwa alikuwa ameachishwa shule akiwa kidato cha kwanza na alikuwa akiwafulia watu nguo, na mama alikuwa ameshaniambia, bila kunificha, nisitegemee zaidi ya pale dada alipofika. Usiku ule kitandani nilijiona nimevaa sweta la kijani. Hakuna aliyeniambia sweta lao ni la kijani, nilijichagulia mwenyewe.

Alhamisi mwalimu aliniita kando.

"Jumamosi utakwenda mbele tangu filimbi. Kasi. Usiangalie nyuma."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukifika pale kwenye bendera, ukimaliza raundi ya pili, toka, upumzike. Umesikia? Usiendelee."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Una swali?"

"Sina, Mwalimu."

"Msichana mzuri," akasema, na akanipiga kofi dogo begani.

Mnaona? Swali lilikuwa linatoka wapi? Maneno yalikuwa yale yale ya kila siku. Nilirudi nyumbani nikiruka mitaro. Kwa akili yangu, mwalimu alikuwa ameshazungumza na wale wageni, wameshajua habari zangu, na raundi mbili zingewatosha kuniona. Wale wengine wangeendelea kuzunguka kama kawaida mpaka waridhishe.

Ijumaa jioni nilimkuta Nekesa kwenye mfereji akifua soksi zake kwenye karai. Foleni ilikuwa fupi siku hiyo, mimi na yeye na mama mmoja aliyekuwa na shughuli zake. Nilitega ndoo yangu nikachuchumaa karibu naye.

"Mwalimu ameniambia nitoke raundi ya pili," nikamwambia, nikijaribu kutojisifu.

"Eeh."

"Na wewe amekuambiaje?"

"Nimalize zote."

"Zote nne? Ai, Nekesa! Pole."

Mikono yake ilisimama ndani ya povu. "Asante," akasema.

"Usivunjike moyo. Nikishafika huko nitawaambia nina mwenzangu, waje wakuchukue na wewe. Si ni kama mimi nimeshapita tu?"

Maji yalikuwa yakifurika kwenye ndoo yangu na mama yule akatukaripia tufunge mfereji. Nekesa alinyoosha mkono wake wenye povu, akaufunga, kisha akakamua soksi moja kwa nguvu kama anaikaba.

"Eeh," akasema. "Ni kama umeshapita."

Jumamosi mama alikuja uwanjani na nguo yake ya kanisani. Baba alikuwa safarini na lori. Kulikuwa na wasichana wengi kuliko nilivyotarajia, wengine na viatu vya misumari chini, na wale wageni walikuwa wamekaa chini ya mwavuli, mmoja akiwa mama mnene mwenye saa ya kupimia mbio shingoni. Mimi na Nekesa tulipakana mafuta yetu tukanuka kama kawaida. Alinipaka bila kuniangalia usoni. Nilidhani ni woga wa mbio.

Filimbi ilipolia nilikwenda. Sijawahi kukimbia vile tena maishani. Wale wenye viatu vya misumari walijaribu kunifuata nusu raundi, wakajuta. Nilimsikia mmoja tu nyuma yangu, na pumzi zake nilizijua kama ninavyojua hatua za mama mlangoni. Nekesa alikuwa amenigandama. Upepo wa uwanja ule, uliokuwa ukitoka upande wa reli na kurusha vumbi usoni, niliubeba mimi. Nilifurahi kwamba amepata joto mapema, nikasema moyoni leo Dizeli imewaka. Nilipofika kwenye bendera mara ya pili, nikatoka.

Nilitoka nikicheka. Ndicho kitu ambacho siwezi kukimeza hata leo, kwamba nilicheka. Nilikwenda kwenye nyasi, nikakaa, nikanyoosha miguu, nikaanza kumshangilia Nekesa kwa sauti yangu yote. "Vuta, Dizeli! Vuta!" Yule mama mnene mwenye saa alinisogelea akainama.

"Umeumia, mtoto?"

"Hapana."

"Sasa mbona umetoka?"

"Nimemaliza."

Alinitazama kidogo, akatazama upande wa mwalimu wetu, akatabasamu tabasamu ambalo halikuwa langu, akarudi kwenye mwavuli. Nikadhani amenipenda.

Nekesa alishinda, na hapakuwa na wa pili karibu. Waliita jina lake, wakamshika mkono, wakamuuliza mzazi wake yuko wapi. Wakaanza kukunja mwavuli. Nilisimama, nikapangusa nyasi kwenye kaptura, nikasogea ili wasinitafute watakaponiita. Nilisogea tena. Nilikuwa karibu nao kabisa, naona jasho kwenye shingo ya yule mama, na bado nilikuwa nikitabasamu, mama yangu aliponishika bega na kunigeuza.

"Ulitoka kwa nini?"

"Nimepita, mama. Mwalimu aliniambia nitoke."

Mama alinielewa kabla sijajielewa. Uso wake ulibadilika, akaniacha pale, akamwendea mwalimu akiwa ameshikilia mkoba wake kifuani kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mtoto wangu umemfanya nini?"

Mwalimu hakuona haya. Wala hakukasirika. Alimweleza kwa upole, kama anavyomweleza mtoto hesabu. "Mama, nafasi ilikuwa moja. Wa kwako hana mwisho, angekamatwa raundi ya nne. Huyu ana mwisho lakini hana mwanzo. Bila Mwende kumvuta, tungekosa wote. Sasa shule yetu imepata."

"Shule yenu," mama akasema.

Labda alisema kweli. Nimelifikiria mara nyingi. Labda raundi ya nne ningekamatwa na msichana mmoja wa mtaa wa Fedha mwenye viatu vyekundu, na leo ningekuwa mtu mwingine asiye na kinyongo, aliyejaribu akashindwa kama watu wanavyoshindwa. Lakini raundi ile ilikuwa yangu, na sikupewa niikimbie.

Nekesa hakuja kwetu jioni ile. Wala kesho yake. Dirisha halikugongwa tena. Siku ya kuondoka kwake mstari mzima ulitoka kuimba, sanduku lake la bati liking'aa na jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, na Mama Nekesa akaniambia nishike upande mmoja wa godoro mpaka stendi. Nikashika. Njia nzima Nekesa alitembea mbele yangu na shingo yake haikugeuka. Sweta lao lilikuwa la maruni. Aliponipa mkono alisema, "Haya, Mwende," nami nikasema, "Haya." Tukaachana hivyo.

Nilijaribu kukimbia peke yangu siku kadhaa. Kichomi kilinishika mapema, na kila niliposikia pumzi nyuma yangu niligeuka, kumbe ni zangu. Nikaacha. Nilisoma mpaka pale dada alipofika, kama mama alivyosema, kisha nikaingia kazi, na leo nina duka la sare za shule pale karibu na Majengo. Nawauzia watoto masweta. Ya maruni yapo pia, na ndiyo yanayotoka sana. Sikufa, nina mume mzuri, watoto wanasoma. Lakini msiniambie mambo ya utotoni huisha utotoni, kwa sababu mimi nimekaa nayo meza moja mpaka sasa.

Mwaka jana Nekesa alirudi. Mbio zilimtoa bwenini zikampeleka chuo kikuu Marekani, akaolewa huko, akawa daktari wa meno. Amewajengea wazazi wake nyumba ya ghorofa Fedha, na walikuwa wakifanya ibada ya shukrani. Mama Nekesa alinipigia simu mwenyewe. "Usipokuja nitajua umetutupa," akasema, na mama yangu, ambaye magoti yake hayampeleki mbali siku hizi, akasema twende tumalize hii kitu. Tukaenda.

Nekesa amenona kidogo na amependeza. Alinikumbatia mlangoni, akanukia vizuri, akaniita "my dear". Baada ya maombi alichukua kipaza sauti. Alimshukuru Mungu, akawashukuru wazazi, halafu akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Kuna dada hapa. Mwende, simama wakuone. Huyu alikuwa ananishinda mbio kila siku. Lakini siku ile ya kuchaguliwa alikuwa mbele, watu wote wameona yuko mbele, na akatoka njiani, akaniachia mimi. Alijua kwetu tulikuwa na shida. Niambieni, nani angefanya hivyo? Hata watoto wangu wanaijua hadithi ya Auntie Mwende."

Watu wakapiga makofi. Vigelegele vikapanda. Nilikuwa nimesimama katikati ya viti vya plastiki na uso wangu ukiuma kwa kutabasamu, na pembeni yangu mama alikuwa ameweka mikono mapajani, haikutingishika. Nilihisi kuibiwa mara ya pili. Mara ya kwanza aliichukua nafasi, na sasa alichukua hata ile haki ya kusema kwamba nilinyang'anywa. Maana ukishapewa sifa ya kutoa, utadai nini?

Nilimpata uani, kwenye sinki, akinawa mikono kabla ya kukata keki.

"Nekesa, mimi sikukuachia."

Akacheka. "Ai, Mwende! Usijishushe bwana."

"Sikuelewa kwa nini natolewa. Na wewe ulijua sielewi. Nilikupa pole pale mferejini."

Kicheko kilikwisha. Alifunga maji, akaangalia mlangoni kama kuna mtu, kisha akaanza kusema kwa ile sauti yetu ya zamani ya Makongeni, ambayo sikuwa nimeisikia tangu afike.

"Mwalimu alikuja kwetu Alhamisi usiku. Alituambia mimi na mathe tusikushow. Alisema ukijua hutatoka."

"Ni kweli. Nisingetoka."

"Sasa mimi ningedu nini? Nilikuwa mtoto, Mwende."

"Hata mimi nilikuwa mtoto."

Macho yake yalijaa. Sitasema yalikuwa machozi ya uongo, kwa sababu Nekesa hakuwa mtu wa uongo mwingi. Alikuwa na ule mmoja, na ulimtosha. Alijifuta kwa nyuma ya mkono uliolowa.

"Nimeisimulia hivyo miaka yote. Hata mume wangu. Hata watoto. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini."

"Basi waambie upya."

"Wataniona vipi?"

Sauti ziliita kutoka ndani kwamba keki inangoja. Alinikumbatia tena, kwa nguvu, uso wake ukiwa begani kwangu, nami mikono yangu niliiacha ining'inie. Halafu akajinyoosha, akaingia ndani.

Nilimchukua mama, tukatoka kwa mlango wa mbele taratibu kwa ajili ya magoti yake. Tulikuwa ndiyo tumefika getini niliposikia kipaza sauti kikiwashwa nyuma yetu. Nekesa alikuwa akiwaambia wageni, kwa sauti tamu kabisa, kwamba Mwende ameomba radhi, imebidi aondoke mapema, mama yake hajisikii vizuri. Mama alisimama kusikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono, akasema, "Fungua geti."